Samaki gani wakae pamoja kwenye tenki dogo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya akwariamu za maji yasiyo na chumvi, zile ndogo za sebuleni au ofisini, zenye samaki wasiozidi sentimita 5 au 6 wakikomaa.

Tenki "dogo" ni la ukubwa gani?

Tunazungumzia lita 20 hadi 60 hivi. Mfano mzuri ni tenki la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Zidisha vipimo hivyo, gawa kwa 1,000, unapata lita 54. Ukitoa mchanga, mawe na ile nafasi ya juu isiyojazwa, maji yenyewe hayazidi sana lita 45. Hesabu samaki kwa hizo 45.

Urefu una maana kuliko kimo. Samaki wadogo wengi huogelea kwenda na kurudi, si kupanda na kushuka, na hewa huingia majini kupitia uso wa maji. Tenki jembamba la kwenda juu lina lita zilezile lakini uso wake ni finyu. Bakuli la duara halina pa kuweka filta wala hita, na hatulipendekezi kwa samaki yeyote, hata yule anayeuzwa nalo.

Nianze kuchagua samaki au kuangalia maji?

Maji. Wengi huanza na rangi ya samaki, kisha wanapambana na maji mwaka mzima. Samaki wawili wanaweza kuwa wapole kabisa na bado wasifae kukaa pamoja, kwa sababu mmoja anataka maji laini na mwenzake maji magumu.

Maji ya visima vya pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, mara nyingi ni magumu kwa sababu ya chokaa. Utayajua: sabuni haitoi povu upesi na birika linaota ukoko mweupe. Hayo yanawafaa gapi, plati na endila. Maji ya mito ya milimani huwa laini, na ndiyo wanayoyapenda neoni tetra, emba tetra, rasibora na koridora. Kwa uhakika zaidi nunua vijikaratasi vya kupimia vinavyoonyesha pH (kipimo cha uasidi wa maji) na ugumu. Kama kisima chako kina ladha ya chumvi, usijaribu tetra.

Angalia pia unachokiweka ndani. Matumbawe na makombe ya baharini huyeyuka polepole na kuongeza chokaa. Kwa gapi hakuna shida, kwa neoni ni kuwachosha bure. Jiwe usilolijua lidondoshee siki: likitoa mapovu, lina chokaa.

Nitajuaje kama samaki ni mpole?

Usiangalie anavyotulia dukani. Pale amebanwa na wenzake hamsini, ni mchanga, na hana eneo la kulinda. Jiulize mambo haya.

Akikomaa anafika sentimita ngapi? Samaki mwingi wa dukani ni mtoto. Uliza ukubwa wa mwisho, tena uliza kwa jina lake la kitaalamu, maana jina la biashara moja hutumika kwa samaki watatu tofauti.

Mdomo wake una upana gani? Kinachoingia mdomoni kitaliwa, hata na samaki anayesifiwa kwa upole. Hapo hakuna ukali wowote, ni chakula tu kimepita mbele yake.

Anang'ata mapezi? Taigababi na serpe tetra wana tabia hiyo. Hawaui kwa siku moja. Wanachana mkia wa gapi au beta (samaki mpiganaji) kidogokidogo, kidonda kinaota ukungu, na mwenye tenki anadhani ni ugonjwa wa maji.

Anaishi tabaka gani la maji? Wawili wanaogombea tabaka moja watasukumana hata wakiwa wapole. Mmoja wa katikati na mwingine wa chini hawakutani sana.

Na mwisho, mwendo wake. Danio ni mpole, hamgusi mtu, lakini hukimbia kutwa na hula kabla mwenzake hajageuka. Ukimweka na samaki wa polepole, huyo wa polepole atakonda bila kupigwa hata mara moja.

Kwa nini mnasisitiza kundi la sita? Nataka mmoja mmoja wa kila rangi.

Hilo la mmoja mmoja ndilo kosa linaloharibu matenki mengi madogo. Tetra, rasibora, danio na koridora ni samaki wa kundi. Akiwa peke yake au wawili, mmojawapo hujificha na kupauka rangi, au humgeukia mwenzake na kumfukuza pembe hadi pembe. Wakiwa sita, hasira ndogondogo husambaa na hakuna anayeonewa siku nzima. Wakiwa wanane au kumi, utaona rangi zao za kweli.

Kwa lita 54 basi, mpango ni kundi moja la katikati, kundi moja dogo la chini, na labda kamba au konokono. Ukitamani aina tano, nunua tenki kubwa zaidi.

Gapi anakaa na nani?

Gapi ndiye rahisi kuanza naye mahali penye maji magumu na joto. Dume hufika sentimita 3 hadi 3.5, jike hadi 6. Anaishi vizuri na plati, endila, konokono na kamba wakubwa kidogo. Endila na gapi huzaliana wao kwa wao, kwa hiyo kama unataka ukoo safi usiwachanganye. Moli wanafuata maji hayohayo, lakini hufika sentimita 8 na zaidi, na lita 54 zinawabana.

Mgogoro wa gapi kwa kawaida ni wa ndani. Madume humfuata jike bila kupumzika. Ukiwa na madume wanne na jike mmoja, huyo jike hatakula wala kulala, na kifo chake utakiita cha ghafla. Weka dume mmoja kwa majike wawili au watatu, au uchague madume watupu sita bila jike hata mmoja. Hili la pili ndilo tunalolipenda kwa tenki dogo: rangi zote unazo, na tenki halijai watoto.

Jike uliyemnunua dukani alikokaa na madume karibu hakika ana mimba. Huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hivyo ataendelea kuzaa kila baada ya wiki nne hivi hata akiwa peke yake. Mzao mmoja unaweza kuwa vifaranga 20 hadi 50.

Vifaranga wengi hivyo nifanye nini?

Ukiwaacha, wakubwa watawala wengi wao. Ukitaka kuwaokoa, jaza mimea laini inayoelea, ambako wakubwa hawapenyi. Lakini fikiria kwanza utawapeleka wapi. Tenki la lita 54 lenye gapi 60 halikai sawa, hata ukibadilisha maji kila siku.

Neoni tetra anaweza kukaa Dar es Salaam bila hita?

Hita haihitajiki. Tatizo ni kinyume chake: neoni anapenda nyuzi joto 22 hadi 25, na maji ya tenki sebuleni Dar mwezi wa Februari hufika 29 au 30. Kwenye joto hilo maisha yake huwa mafupi na magonjwa humpata haraka. Chukua kadinali tetra, ambaye anafanana naye ila mstari mwekundu unaenda mwili mzima badala ya nusu ya nyuma, na anavumilia hadi nyuzi 29. Emba tetra, sentimita 2 tu na rangi ya kaa la moto, naye yuko vizuri hadi 28.

Kumbuka pia kwamba maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: nyuzi 25 yanaweza kushika karibu miligramu 8.2 kwa lita, nyuzi 30 hushuka hadi 7.5 hivi. Kwa hiyo idadi ya samaki inayofaa Arusha punguza kwa robo ukiwa Tanga au Mombasa, na pampu ya hewa isizimwe usiku.

Na sisi tunaoishi kwenye baridi, kama Mbeya au Nairobi?

Mna mawili. Weka hita ya wati 50 kwa lita 54 na uishike kwenye nyuzi 24 au 25, kisha chagua samaki yeyote mdogo wa kitropiki anayekubali maji yako. Au chagua samaki wa baridi. Danio wa milia, *Danio rerio*, anakaa vizuri kati ya nyuzi 18 na 25. *Tanichthys albonubes*, samaki wa sentimita 4 kutoka milima ya kusini mwa China, anapenda nyuzi 16 hadi 22 na ni mmoja wa wapole kuliko wote. Kwa chumba kinachoshuka nyuzi 17 usiku wa Julai, wanane wa aina hii hawahitaji hita kabisa. Usiwachanganye na beta au gapi wanaotaka joto.

Beta anaweza kuwa na wenzake?

Madume wawili, kamwe. Wataumizana hadi mmoja afe, na kioo cha kuwatenganisha huku wakionana kutwa ni mateso. Majike kadhaa pamoja kwenye tenki dogo hatushauri pia, kwa sababu amani yao huvunjika wakati usioutegemea.

Dume mmoja na samaki wa aina nyingine inawezekana, kwa masharti. Wenzake wasiwe na mikia mirefu wala rangi kali, maana humdhania gapi kuwa beta mwenzake. Wasiwe wang'ataji wa mapezi. Wawe wa tabaka la chini, au kundi dogo lisilomjali. Emba tetra wanane au koridora wadogo sita kwenye lita 54 zenye mimea mingi ni mpango mzuri. Waingize hao kwanza, beta awe wa mwisho, ili asikute tenki tupu na kulifanya lake.

Hata hivyo beta hawafanani tabia. Mmoja atapita pembeni ya kamba bila kumtazama, mwingine atawamaliza kamba kumi kwa wiki. Kabla hujamchanganya, uwe na chombo cha pili cha lita 15 au 20 chenye filta, ili ukimwona anafukuza umtoe siku hiyohiyo. Kama huna chombo hicho, mwache beta akae peke yake na konokono. Haoni upweke.

Muuzaji anasema pleko atanisafishia tenki. Ni kweli?

Atakula mwani kidogo akiwa mtoto wa sentimita 5. Pleko wa kawaida anayeuzwa kwa kazi hiyo hukua hadi sentimita 40 au zaidi, na kinyesi chake ni kingi kuliko cha gapi wote wa tenki. Hakuna samaki anayesafisha tenki. Kazi hiyo ni ya mpira wa kunyonyea maji na mkono wako.

Mwingine wa kumkwepa ni yule "mlamwani wa China", *Gyrinocheilus aymonieri*. Akikua huacha mwani, anawabandika mdomo wenzake ubavuni na kunyonya ute wa ngozi, na ubavu wenye vidonda vya duara ndio alama yake.

Kama mwani ndio kero, punguza mwanga hadi saa 6 au 7 kwa siku na usiweke tenki kwenye dirisha la jua. Konokono wawili wa aina ya nerite watakula kilichobaki kwenye kioo, na mayai yao hayaanguliwi kwenye maji yasiyo na chumvi, hivyo hawatakujaa. Watakuachia tu vidoti vyeupe kwenye mbao.

Otosinklus je?

Mpole kabisa, sentimita 4, mla mwani wa kweli. Ila wengi wao huvuliwa porini na kufika dukani wakiwa na njaa. Mtazame tumbo kupitia kioo: likiwa limebonyea, mwache. Mnunue tenki likiwa na miezi mitatu au zaidi na lina utando wa mwani, wawe wanne au sita, na uwape kipande cha tango au mchicha uliotokoswa dakika mbili. Toa kilichobaki baada ya saa 12, kisioze.

Koridora anahitaji nini?

Kwa lita 54 tafuta aina ndogo: *Corydoras pygmaeus*, *habrosus* au *hastatus*, wote chini ya sentimita 3.5. Wale wa kawaida wa sentimita 6 au 7 wanataka tenki refu zaidi.

Sakafu iwe mchanga laini wa mtoni uliooshwa hadi maji yatoke meupe. Koridora hutumbukiza uso mzima mchangani na kuutoa tena kupitia matamvua huku akichuja chakula. Kokoto zenye makali humkata masharubu, na mabaki yanayojificha kati ya kokoto huleta bakteria wanaoozesha masharubu hayo. Ukiona koridora masharubu yake yamebaki vishina, angalia sakafu na maji kabla ya kununua dawa.

Kosa la pili ni kudhani anaishi kwa makombo. Kundi la juu likishamaliza chakula, yeye hana kitu. Mpe kidonge kinachozama, jioni taa zikishazimwa.

Kila pezi lake la ubavuni na lile la mgongoni lina mwiba unaojifunga ukiwa wazi. Ukimtega kwa wavu hunasa, na ukivuta unamwumiza. Mkamate kwa kikombe. Mwiba huohuo ndio unaomkwama kooni samaki mkubwa anayejaribu kummeza, wakafa wote wawili. Na ukimwona anapanda ghafla juu, anameza hewa na kurudi chini, usishtuke: hutumia hewa hiyo kupitia utumbo. Akifanya hivyo kila baada ya sekunde chache, hapo pima maji.

Goldifishi mdogo pamoja na neoni?

Hapana. Goldifishi anataka maji ya baridi zaidi, anachafua sana, hukua kupita sentimita 20, na neoni anaenea mdomoni mwake.

Enjelifishi wachanga wako wapole, kwa nini mnawakataa?

Kwa sababu hawabaki wachanga. Miezi sita mbele ana upana wa kiganja na neoni wanapungua mmojammoja usiku. Pia anahitaji kimo cha sentimita 45 au zaidi.

Naweza kuweka samaki wa maziwa yetu?

Wengi wao hapana. Mbuna wa Ziwa Nyasa huuzwa wakiwa sentimita 3 au 4, rangi nzuri, bei nafuu, na dukani wanaonekana watulivu. Wakifika 8 kila dume anataka jiwe lake, na kwenye lita 54 yupo mmoja tu atakayebaki na mapezi kamili. Hao ni samaki wa lita 200 kwenda juu, wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Vifaranga wa perege pia usiwajaribu, maana watakua kuliko tenki.

Yupo mmoja anayefaa sana: *Neolamprologus multifasciatus* wa Ziwa Tanganyika, anayeishi ndani ya maganda matupu ya konokono *Neothauma*. Dume hafiki sentimita 5, jike ni mdogo zaidi. Lita 54 zinatosha ukoo mzima, lakini ukoo huo peke yake. Weka mchanga laini wa kina cha sentimita 5, maganda mawili kwa kila samaki, maji magumu yenye pH kuanzia 7.8 hadi 9, joto 24 hadi 27. Nunua wachanga sita na uwaache wajipange. Watachimba, watahamisha mchanga kwa mdomo, watazika ganda wasilolipenda na kulinda mlango wa lile wanalolipenda. Kwa maoni yetu hakuna tenki dogo lenye mambo mengi ya kutazama kuliko hili, na maji ya kisima kigumu ya pwani, ambayo wapenzi wa neoni huyalalamikia, hapa huwa msaada. Ukiweka gapi humo, atasumbuliwa kila anaposhuka.

Nothobranki wa madimbwi ya msimu, kama *Nothobranchius guentheri* wa Unguja, wana rangi zinazowashinda wengi wa kigeni. Maisha yao ni mafupi, chini ya mwaka. Dimbwi likikauka wakubwa hufa na mayai hungoja mvua kwenye tope. Madume hupigana, kwa hiyo dume mmoja na majike wawili au watatu, bila wageni. Watafute kwa wafugaji, usiwachote porini.

Kamba wadogo wekundu na samaki?

Kamba wa aina ya *Neocaridina* hufika sentimita 3. Wakubwa wao wako salama na emba tetra, rasibora wadogo, koridora wadogo na otosinklus. Watoto wao, wenye milimita 2, wataliwa na karibu kila samaki isipokuwa otosinklus. Rundo la mosi ya Java (mmea laini wa majini) la ukubwa wa ngumi mbili linaokoa wa kutosha ili kundi lisiishe. Joto likipita nyuzi 28 kwa muda mrefu hawazai vizuri na huanza kufa.

Soma karatasi ya kila dawa ya samaki unayotaka kutumia. Yenye shaba huua kamba na konokono wote, na mabaki yake hukaa kwenye mchanga.

Naweza kuokota konokono na mimea mtoni au ziwani?

Konokono, usiokote. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki konokono wa majini wa aina ya *Biomphalaria* na *Bulinus* hubeba vimelea vya kichocho. Konokono aliyeambukizwa huvitoa majini kwa wiki nyingi, navyo hupenya ngozi ya mkono unaosafisha tenki. Mimea ya porini nayo hubeba vikonokono na mayai yao. Nunua kwa mfugaji anayezalisha ndani.

Kwa lita 54, niweke wangapi?

Ile kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa lita moja inasaidia kwa samaki wembamba wa chini ya sentimita 5, na hapo pia hesabu ukubwa wa mwisho. Mipango tunayoiamini ni hii:

- Maji magumu, pwani: gapi madume 6, nerite 2, na kamba 10 kama chumba hakipiti nyuzi 28.
- Maji laini: emba tetra 10 na koridora wadogo 6.
- Maji laini hadi ya wastani: rasibora wa pembetatu nyeusi 8 na gurami asali mmoja au jozi. Gurami asali si yule gurami kibete mwenye milia ya buluu, ambaye madume yake hugombana.
- Nyanda za juu bila hita: *Tanichthys* 8 hadi 10 na nerite 2.

Kwa lita 20 hadi 25 chaguo ni beta mmoja, au kamba 10 hadi 15 bila samaki.

Naweza kuwaingiza wote siku moja?

Tenki jipya halina bakteria wa kugeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Kuwapata huchukua wiki 4 hadi 6. Washa filta, tia chembe za chakula kila siku bila samaki, pima. Amonia na nitriti zikisoma 0 na nitrati imeanza kuonekana, uko tayari. Sponji kutoka filta ya mtu mwenye tenki zima lenye afya hufupisha safari hiyo sana. Kwa maji magumu kuwa na subira zaidi: kwenye pH 8, amonia kiasi kilekile ni sumu karibu mara kumi kuliko kwenye pH 7.

Ingiza kundi la kwanza, ngoja wiki mbili, kisha la pili. Mgeni yeyote akae karantini wiki mbili hadi nne kwenye ndoo au tenki lingine lenye filta. Vidoti vyeupe vya ugonjwa, kama chembe za chumvi mwilini, vikitokea, vitokee huko.

Siku ya kuhamisha, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15. Ufungue, tia nusu kikombe cha maji ya tenki kila dakika 5 kwa nusu saa, kisha mchote samaki kwa wavu au kikombe. Maji ya mfuko yamwage nje. Kamba wape saa moja hadi mbili, tone kwa tone. Zima taa hadi kesho yake.

Wanafukuzana. Ni mchezo au vita?

Kufukuzana kwa sekunde mbili kisha kila mtu akaendelea na shughuli zake ni kawaida. Wasiwasi uanze ukiona mmoja amebanwa kwenye pembe ya juu karibu na hita, mapezi yamekunjwa, mkia umechanika, au haji kula. Samaki anayeonewa mara nyingi hukaa juu nyuma ya filta, mahali ambapo wengi hawatazami.

Badilisha mpangilio wa mawe na mimea kwanza, ili mipaka ya zamani ipotee. Ongeza kitu cha kukata macho katikati ya tenki. Kama ni samaki wa kundi na wako watatu, ongeza wafike sita. Ikishindikana, mtoe anayeonea, si anayeonewa, kwa sababu ukimtoa mnyonge, mkali atachagua mnyonge mwingine.

Umeme ukikatika saa nyingi?

Usiwalishe. Chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu kila nusu saa, au uwe na pampu ya hewa ya betri. Filta ya kufungika ikikaa saa kadhaa bila mzunguko, bakteria hufa na maji ya ndani huchacha, hivyo suuza sponji kwenye maji ya tenki kabla ya kuiwasha tena. Usiisuuze bombani. Klorini inaua bakteria walewale uliowasubiri wiki sita.

Ni matunzo gani ya wiki kwa tenki lenye aina mbili tatu?

Robo ya maji mara moja kwa wiki. Maji ya bomba yawekwe kwenye ndoo wazi saa 24 au yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Kama mamlaka ya maji ya kwenu inatumia kloramini, ndoo pekee haitoshi, tumia dawa. Chakula ni kile kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku.

Nikishindwa kuwatunza, niwaachie mtoni?

Usifanye hivyo. Gapi walisambazwa nchi nyingi ili wale viluwiluwi vya mbu na sasa wamekita humo, na sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, alichangia sana kupotea kwa aina nyingi za furu. Warudishe dukani, mpe mfugaji mwingine, au tangaza kwenye kundi la wafugaji. Maji ya tenki mwagilia bustani, mbali na mtaro unaoingia mtoni, na mimea uliyoitoa ianike juani ikauke kabisa kabla ya kuitupa.